Mwanamke Aliyetukalisha kwa Mipaka

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nimekaa kwenye shamba la mtu mwingine aliniambia hayo nikiwa sebuleni kwetu, mtaani Kasha, juu ya kiti chetu wenyewe. Nilikuwa nimetoka kwenye misa ya pili, viatu vimenibana, nikajitupa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Mwanamke mmoja mfupi, kitenge kimefungwa kifuani na rozari mkononi, akaja kusimama mbele yangu.

"Sekreteri," akasema, "hapo njo kwa Papa Cirhuza. Ya kwenu inaanzia kule ku dirisha. Sogea."

Nilidhani anatania, eti hapo ndipo kwa mtu mwingine. Nyuma yake alisimama Papa Cirhuza, mzee wa kofia ya sufu, akilingojea shamba lake kwa adabu zote. Nikasogea.

Jina la mwanamke yule silitaji, na wala sisi hatukumwita kwa jina. Alikuwa Maman Prezidanti, basi. Kwetu Bukavu, shirika ni zile nyumba chache za majirani zinazosali pamoja kila wiki, na kila shirika lina mtu wa kuliongoza. Yeye aliongoza shirika la kilima chetu, kilima kidogo upande wa Mudaka, nyumba arobaini hivi, migomba na maharage na kijito chini. Vita vya pili vya Kongo vilipowafukuza watu wa kilima wakakimbilia mjini, wengine walileta magodoro, wengine mbuzi mmoja au sufuria. Yeye alileta shirika lote, halikukosekana hata mtu mmoja aliyekuwa hai.

Baba yangu alikuwa na shamba huko, ingawa sisi tulikuwa tumeshahamia Kasha zamani, tangu alipopata kazi ya ualimu Bagira. Kwa hiyo sebule yetu ndiyo iliyogeuzwa kanisa la wakimbizi kila Jumapili baada ya misa. Sikuulizwa. Niliporudi nyumbani nilikuta viti vimepangwa kwa namna ambayo sijawahi kuiona, mabenchi mawili ya kuazima, mikeka, na ndoo zilizopinduliwa.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba chumba kile kilikuwa kilima. Dirisha lilikuwa njia ya juu inayokwenda shuleni. Mlango ulikuwa kijito. Kila familia ilikaa pale ambapo shamba lake lingekuwa kama mtu angelibana hadi litoshe sebuleni, jirani kando ya jirani, wa juu nyuma ya wa chini. Kabla ya rozari kuanza, kila mmoja alitaja waliompakana. "Juu yangu iko Maman Nabintu. Kwa mukono ya kuume iko Papa Mugisho. Mupaka iko ule muti yenye ilipigwa na radi." Halafu anayefuata, na anayefuata, mpaka kilima kizima kimetajwa. Watoto waliozaliwa Kasha, ambao hawakuwahi kukanyaga huko, walikuwa wanajua mti wa radi kabla ya kujua Salamu Maria.

Alikuwa na sababu. Watu walikuwa na hofu mbili, hofu ya kuuawa na hofu ya kurudi siku moja na kukuta kilima kina mwenyewe mwingine. Ile ya kwanza alimwachia Mungu, ingawa alimkumbusha Mungu kila siku. Ya pili aliichukua yeye. Zamani zile mtu mwenye pesa na marafiki wenye bunduki aliweza kuchukua karatasi mjini ikisema kilima fulani hakina watu, na kweli ukienda unakuta hakina watu, kwa sababu wamekimbia. Vilima viwili vya jirani vilikwenda hivyohivyo. Chetu kilikuwa kizuri kuliko vyote viwili.

"Bale benye kupoteza," aliniambia siku moja, "hawakupoteza sababu hawana haki. Waliulizwa mupaka iko wapi, kila mutu akaonyesha yake, na hazikuungana."

Mimi nilikaa badala ya baba. Kifua chake kilikuwa kibaya, na kaka yangu alikuwa amekwama Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa vita. Basi nikawekwa mimi, msichana mwenye diploma na mashine ya kuchapa ofisini, kati ya Papa Cirhuza na Papa Mugisho. Sijui kama nimewahi kuchukia kitu kama nilivyozichukia Jumapili zile za mwanzo. Papa Mugisho hakuona vizuri, kwa hiyo nilimshikia kitabu cha nyimbo, na yeye akaimba maneno anayoyataka. Wakati wa mafundisho alilala. Kichwa chake kilishuka taratibu mpaka kikatua begani pangu, na Maman Prezidanti akinikuta namsukuma alinikazia macho. Alikuwa jirani yangu, alisema, na jirani humchagui.

Nikaona nimsaidie kwa elimu yangu. Nilichora ramani ya kilima kwenye karatasi ya vijisanduku, kila shamba na jina lake, nikaipiga rangi, nikamletea. Aliigeuza juu chini, akaisifu rangi.

"Ni muzuri," akasema. "Weka. Lakini Jumapili wakuye bakae."

"Maman, si iko yote humo?"

"Iko yote. Na ikipotea?"

Nilinuna. Mwezi uliofuata ofisi yetu iliporwa mchana kweupe, na ramani yangu ikaenda pamoja na meza iliyokuwa ndani yake. Maman Prezidanti alizipata habari. Alinitazama tu, na hilo lilitosha kuniudhi wiki nzima.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa chumvi kupita kiasi, na ukila kwake ulikula kwa heshima tu, maana chakula chake hakikuwa na ladha ya kukushawishi. Aliogopa ngazi. Alipenda kusikia habari za ugomvi wa watu na kuzisikia tena kutoka upande wa pili, akijidai anatafuta amani. Na mwanamke huyu aliyeshika mipaka yote ya kilima kichwani alikuwa akipotea Kasha. Nyumba aliyopangishwa ilikuwa kona mbili tu kutoka kwetu. Mwaka mzima alikuja akiwa amechelewa kwenye mkutano wake mwenyewe, jasho likimtoka, akizilaumu nyumba.

"Zinafanana," alisema. "Batu ya huku wanajenga bila kuangaliana."

Alisali dhidi ya uongo na aliwadanganya wanajeshi bila kupepesa jicho. Nilimwuliza kuhusu hilo. Akasema uongo ni pale unapomdanganya mtu anayetaka kujua ukweli, na wale hawataki.

Niliona kwa macho yangu alivyoishi nao. Maana si kwamba watu walikaa Kasha tu wakitaja mipaka. Ilipotulia kidogo, wanawake walipanda asubuhi kwenda kuvuna na kushuka kabla ya saa kumi. Njia ilikuwa na kizuizi, kamba kati ya vijiti viwili na wanajeshi wenye njaa. Kila mtu alilipa kwa kitu, viazi au mkungu au kanga yake. Siku niliyokwenda nao nilitembea wa mwisho. Yeye alikuwa mbele, na alipofika karibu na kamba alifungua kikapu kabla mtu hajasema kitu, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, bado cha moto, amekifunga kwenye jani la mgomba.

"Leki na ngai, olei?" akamwuliza yule mwanajeshi kwa Lingala yake ya kuokoteza. Ndugu yangu mdogo, umeshakula?

Lilikuwa jitu la miaka arobaini lenye kovu shavuni. Likatazama kiazi, likamtazama yeye. Likakipokea kwa mikono miwili, kama lilivyofundishwa kwao. Yeye akapita huku akimwuliza mama yake yuko wapi, kama bado ni mzima, kama ana watu wa kumlimia. Tulipita sote kumi na moja nyuma yake huku jitu likitafuna na kujibu. Hakuna aliyetuomba kitu.

"Mutu anaanza kwa kuomba, kisha anakasirika," alinieleza tukipanda. "Ukitangulia kumupa, anakosa nafasi ya kukasirikia."

Si kila siku ilifanya kazi. Mara mbili alipigwa kitako cha bunduki, na mara moja walichukua hata viatu vyake akashuka peku hadi Kasha. Sisemi alikuwa na dawa ya bunduki. Nasema alirudi tena wiki iliyofuata, na wanawake wakamfuata, nami nikaanza kumwogopa yeye kuliko kamba ile.

Kule juu alikuwa na sheria yake. Kila mwanamke apalilie shamba lake na hatua tatu ndani ya shamba la jirani, kila upande. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Baadaye nikaona faida. Mwenye nguvu za kupanda leo alimsafishia asiyeweza, na kwa kuwa wote walifanya hivyo, hakuna shamba lililogeuka pori. Migomba ya baba, ambaye hakuweza tena hata kupanda kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu, ilikaa safi miaka yote ile kwa mikono ya wengine. Nilipomwambia baba alilia. Mimi pia nililia, na toka siku hiyo sikuuchukia tena mkutano wa Jumapili.

Lipo jambo moja ambalo lilinichukua muda kulijua, kwa sababu yeye hakulisema na wengine walidhani najua. Hakuwa na shamba. Mumewe alipokufa, shemeji zake walilichukua lote, na yeye akabaki na nyumba na uwanja wa mbele. Kwetu Bushi, nchi ya Washi, shamba la kudumu linapatikana kwa kalinzi. Unampa chefu, yaani mkuu wa kimila, mbuzi au ng'ombe mbele ya mashahidi, na toka hapo ni lako na la watoto wako. Asiye na kalinzi analima kwa bwasa, yaani anaazimwa kipande kwa mwaka, na anaweza kupanda maharage, mahindi, viazi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hapandi. Mgomba unakaa, na anayeupanda anajidai mwenyewe wa mahali. Hata mtoto mdogo kilimani anajua hilo. Basi Maman Prezidanti alikuwa ameomba bwasa kwa huyu mwaka huu, kwa yule mwaka ujao, maisha yake yote. Sebuleni kwetu yeye ndiye aliyekuwa akisimama. Nilikuwa nikidhani anasimama kwa sababu anaongoza.

Na kweli siku ikafika. Vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, watu wameanza kuezeka upya nyumba zao kilimani, ndipo akatokea mfanyabiashara mmoja wa mjini, sisi tulimwita Patron tu, na karatasi yake. Karatasi ilisema kilima chetu kilikuwa cha bwasa tupu tangu zamani, hakuna hata mmoja mwenye kalinzi, na kwa kuwa watu wa bwasa waliondoka, ardhi imebaki bila mtu. Alitaka kuweka ng'ombe. Mashahidi wa kalinzi za wazee wetu walikuwa wamekufa karibu wote. Tulijua kwamba tukishindwa siku hiyo, hatuna pengine pa kwenda zaidi ya sebule za ndugu, na safari hii moja kwa moja.

Kibaya zaidi, Papa Mugisho alikuwa upande wa Patron. Jumapili tatu hakuja. Tukasikia ameahidiwa mabati ya nyumba nzima, kwa sharti la kusema mbele ya chefu kwamba sote tulikuwa watu wa bwasa. Nilitaka kuhamisha begi langu kwenye nafasi yake niweke miguu. Maman Prezidanti akalitoa begi.

"Hiyo nafasi iache," akasema. "Iko na mwenyewe."

"Maman, ametuuza."

"Ametuuza, ndiyo. Shamba yake haijasogea."

Shauri lilisikilizwa kilimani penyewe, asubuhi, kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Chefu alikuja kwa miguu na wazee wake wawili. Patron alikuja kwa gari lake la jipu, pamoja na wakili mwenye tai, na Papa Mugisho ameketi kiti cha nyuma akitazama magoti yake. Chefu alikuwa mtu wa maneno machache, na akasema tukae, kwa kuwa jua litakuwa kali. Tukakaa kwenye nyasi. Hakuna aliyetupanga. Tulikaa kama Jumapili, kilima kizima, Papa Cirhuza kushoto kwangu na nyasi tupu kulia kwangu.

Wakili alianza na Maman Prezidanti, kwa kuwa alijua ndiye nguzo yetu. Alimwuliza kwa upole wa kutisha.

"Maman, wewe unajulikana unafundisha batu mipaka. Wewe mwenyewe, shamba yako iko wapi?"

"Sina," akasema.

"Unalima wapi?"

"Minalimaka kwa bwasa."

Wakili akageuka kwa chefu, akafungua mikono. Amesikia mwenyewe. Kiongozi wao ni mtu wa bwasa, na asiye na shamba anatoleaje ushahidi mashamba ya watu? Baba, aliyekuwa amebebwa kwa kiti mpaka pale, akafumba macho.

Maman Prezidanti hakuharakisha. Alikuwa amesimama kama kawaida yake.

"Njo maana minajua, Maître," akamwambia wakili. "Mwenye shamba anajua yake moja. Mie niliomba kwa kila mutu, mwaka moja huku, mwaka moja kule. Hakuna mupaka ya hii kilima yenye sijapiga jembe pembeni yake. Sasa uangalie kule chini. Ile yenye maharagi njo kipande yangu ya mwaka huu. Unaona ndizi?"

Wakili akanyoosha shingo kutazama.

"Hakuna. Mutu ya bwasa hapandake ndizi. Geuza kichwa uangalie kwa hawa bengine."

Sote tuligeuza vichwa, hata wazee wa chefu. Kilima kilikuwa kimesimama mbele yetu na migomba yake, mingine mashina yake manene kiasi cha kukumbatiwa, imepaliliwa hadi miguuni. Kati yake vipande vidogo vya maharage vilionekana wazi, na kila mtu pale alijua vya nani. Chefu alitazama muda mrefu. Mtu wa mjini huenda asingeona kitu.

Wakili alikuwa mtu wa mjini lakini hakuwa mjinga. Akasema migomba inaweza kupandwa na yeyote wakati wa vurugu, bila ruhusa. Yeye ana mtoto wa kilima hikihiki atakayesema ukweli. Akamwita Papa Mugisho. Papa Mugisho akashuka kwenye jipu, akasimama, kofia mkononi, akakohoa.

"Sisemaka na mutu mwenye kusimama," chefu akasema. "Shahidi akae chini sawa bengine, kisha aseme."

Kando ya jipu kulikuwa na nyasi za kutosha kukalisha harusi. Papa Mugisho hakukaa pale. Akaanza kutembea. Akapita mstari wa mbele, akaomba radhi huku na huku, akazunguka miguu ya mtu, macho yake mabovu yakitazama chini, na akaja kukaa kulia kwangu, akashusha pumzi kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili kwa miaka yote ile. Bega lake likagusa langu. Nadhani ni bega langu lililomshtua. Aliinua kichwa, akaona yuko wapi.

Chefu alikuwa amemfuata kwa macho njia yote.

"Papa," chefu akauliza, "mbona umevuka batu yote kwenda kukaa pale?"

Papa Mugisho akamtazama wakili, akamtazama Papa Cirhuza, akanitazama mimi. Akaikunja kofia mkononi.

"Njo kwangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwako namna gani?"

"Shamba yangu. Huyu njo jirani yangu ya kushoto. Juu yangu iko Maman Nabintu." Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, na alikuwa amezoea, akamalizia. "Mupaka iko ule muti yenye ilipigwa na radi. Baba yangu alitoa mbuzi kwa chefu wa zamani, na baba ya huyu binti alikuwa anashika kamba."

Kwanza alicheka mzee mmoja wa chefu, akajaribu kuzuia. Kisha kicheko kikapita kilima kizima. Hakikuwa cha kumdhihaki, nakuapieni. Tulicheka kwa kuwa tulikuwa tumeshinda na kila mtu alikuwa ameliona hilo kwa wakati mmoja. Chefu akawauliza watu wawili, watatu, wa nyuma kabisa, wa pembeni, watoto. Kila mmoja akataja wake, na kila mpaka ukaungana na wa jirani, hadi wazee wakasema inatosha. Ndipo chefu akamrudishia Patron karatasi yake kwa mikono miwili. Akamwambia kilima kinachotajwa humo ni kitupu, na hiki kina watu, basi akakitafute hicho kingine.

Jipu liliondoka bila Papa Mugisho. Baba yangu alisimama. Sijui alizipata wapi nguvu, lakini alisimama akaimba, na kilima kikamwitikia, wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama kusikiliza. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa diploma yoyote. Maman Prezidanti alimwendea Papa Mugisho, ambaye bado alikuwa ameketi, akitazama kofia yake.

"Umechelewa, Papa," akamwambia. "Jumapili tatu."

Ni yeye Papa Mugisho aliyeanzisha jambo la mwisho siku ile. Alisema, bila kuinua macho, kwamba upande wake wa chini kuna ukanda anaoweza kuutoa, kuanzia kwenye jiwe jeupe hadi kijito. Papa Cirhuza akasema na yeye ana hatua kumi pale pale. Watu wakachangia mbuzi. Wiki mbili baadaye, mbele ya mashahidi zaidi ya mia, chefu alipokea kalinzi ya Maman Prezidanti. Kamba ya mbuzi niliishika mimi. Mbuzi alikuwa mkaidi na alinivuta hadi nikapoteza kiatu, na sikujali.

Miaka ikapita. Baba alizikwa kilimani, kwenye shamba lake. Kaka alirudi, mimi nikapata kazi kubwa zaidi na safari nyingi, na kwa muda mrefu nilimsalimia Maman Prezidanti kupitia watu tu. Mara ya mwisho nilipomkuta nilikuwa natoka Katana kikazi, nikamwambia dereva akate kona tupande. Nilikuwa nimemletea sukari na kitenge. Niliambiwa yuko shambani.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Sauti ilikuwa ileile, kali, inapanda kati ya migomba. Alikuwa amesimama na fimbo, mgongo umepinda sasa, nywele zote nyeupe. Mbele yake alisimama Papa Mugisho, ambaye kufikia hapo hakuona karibu kitu. Kati yao palikuwa na chipukizi la mgomba, refu kufika gotini. Migomba hutembea, kila shina likitoa mtoto pembeni yake, na huyu alikuwa ametokea mpakani kabisa.

"Mama yake iko kwangu," Maman Prezidanti alikuwa akisema. "Mutoto anafuata mama."

"Mugulu yake iko kwangu," Papa Mugisho akajibu. "Mie naisikia na kidole."

"Utasikia nini na kidole? Hata jua hauone."

Nikasalimia. Walinijibu wote wawili haraka, kwa upole wa watu waliokatizwa kazi. Nikatazama migomba yake. Ilikuwa mingi, labda thelathini, minene, imejaa mikungu hadi mingine imetegemezwa kwa miti. Nikaona nifanye nilichomwona yeye akifanya maisha yake yote. Nikasema, maman, achana nalo, ni chipukizi moja tu, na wewe uko na migomba yote hii.

Akanigeukia. Nilidhani atanikazia macho. Alitabasamu, meno mawili matatu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hata siku ya chefu sikuiona.

"Sekreteri," akasema, "miaka na miaka nilipatanisha batu. Nilikuwa nabaambia, acheni, ni hatua moja tu. Ilikuwa rahisi kwangu kusema, sababu hatua haikuwa yangu. Sasa niko na mupaka. Niache nigombane."

"Umwache," Papa Mugisho akasema, akijipangusa uso kwa kofia. "Tuko hapa tangu asubuhi. Hata jana tulikuwa hapa."

Maman Prezidanti akaninyooshea kidole mahali pa kukaa, chini ya mgomba mkubwa, upande wake yeye wa mstari, nisije nikakosea. Kisha akamgeukia jirani yake, akashika kiuno, akamwuliza walikuwa wamefika wapi.